Msemaji wa Mahari Mbele ya Hakimu

Katika ukoo wa marehemu Prefe Augustin kila mtu alikuwa na kazi aliyopewa na shule, na shamba au na Mungu, isipokuwa Liévin, ambaye kazi yake alijipa mwenyewe. Alikuwa msemaji.

Serikali ilimjua kwa jina lingine. Kwayo Liévin alikuwa karani wa kilimo hapa Bunia, mtu wa kuhesabu magunia ya mihogo na maharagwe yanayoingia mjini. Lakini magunia yalizoea kuingia bila kumngoja, na serikali ilizoea kumlipa kwa mtindo huohuo, kwa hiyo hakuna aliyemlaumu mwenzake. Katika ujana wake alikuwa amepelekwa Kisangani kusoma. Alirudi na tai nyingi, bila diploma, na akiwa na kipaji cha kusema muda mrefu pasipo kugusa jambo. Kaka yake mkubwa, Prefe Augustin, ambaye aliongoza shule kwa chaki na kwa kimya, alikuwa akimtazama na kusema, "Mama yetu alizaa kichwa kwanza. Kinywa kikafuata."

Mahali pekee ambapo kinywa hicho kilipata heshima ni kwenye mahari.

Huku kwetu familia mbili zinapokutana kwa jambo hilo, baba wa kijana hasemi, na baba wa binti hasemi. Kila upande unaweka mtu wake kwenye kiti cha mbele, na hao wawili ndio wanaopimana nguvu kwa maneno. Upande wa binti unatafuta makosa, upande wa kijana unayakubali. Mumechelewa: amande, yaani faini. Mumeketi kabla ya kukaribishwa: amande. Mwenzenu amepiga chafya wakati wa maombi: amande. Mjinga hubisha, na kila anapobisha binti anazidi kuwa mbali. Fundi huinamisha kichwa, hutabasamu, husema "Tunakubali," huita kreti ya soda iletwe, na husonga mbele.

"Kubali madogo, upate kubwa," Liévin aliwafundisha vijana, kidole kikiwa juu, kama mtu aliyeshuka na neno hilo kutoka mlimani.

Kwa njia hiyo alikuwa amewaoza vijana wa ukoo mzima, na baadhi ya majirani. Alikuwa akisimama na kuita, "Familia, muko?" na watu wakaitikia, "Tuko!" Siku alipoitikiwa kwa nguvu alilala usingizi mzuri, na siku alipoitikiwa kwa uvivu alisumbuliwa na tumbo. Nyumba yake ilikuwa ya kupanga. Gari alilopenda kuonekana ndani yake lilikuwa la kaka yake marehemu. Mke wake alikuwa amerudi kwao Gety kulima, akisema kwamba viazi angalau havijibu. Kiti kile cha mbele ndicho kilikuwa mali yake.

Basi Arlette, binti wa mwisho wa Prefe, alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza nani atasema. Kijana alikuwa mtoto wa mchungaji wa Komanda, watu wa kanisa lisilogusa pombe hata ya kupaka kwenye kidonda. Siku ikapangwa. Mama Gertrude, mjane wa Prefe, mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu bila mwanafunzi yeyote kumkamata kwenye kosa, alishona vitambaa vipya vya meza. Liévin alinunua tai nyingine.

Kisha, siku hiyo ikiwa karibu, akaenda upande wa Iga Barrière kumaliza matanga ya mwenzake wa kazi. Aliomba gari kwa shemeji yake, akisema ni aibu mtu wa jina lao kufika kwa watu juu ya pikipiki kama gunia la makaa. Jina lilipotajwa, Mama Gertrude akatoa funguo. Gari lenyewe lilikuwa Toyota iliyonunuliwa Uganda, na kama magari mengi yaliyokuja kwa njia hiyo, usukani wake ulikuwa upande wa kuume, ingawa dereva wa Kongo, kwa desturi ya nchi, anakaa kushoto.

Kwenye matanga walizungusha kasiksi, ile pombe ya ndizi, ndani ya kibuyu. Liévin akanywa kwa ajili ya marehemu. Akanywa kwa ajili ya mjane, na kwa ajili ya mayatima. Kisha akatoa hotuba, hotuba ikakausha koo, na watu wenye huruma wakamletea bia mbili za kulilowesha. Alipoagana nao jua lilikuwa bado juu, na yeye pia.

Ajali yenyewe haikustahili jina hilo. Pale unapoingia mjini, kijana mmoja aitwaye Kasereka alikuwa na meza ya kadhafi; ndivyo tunavyowaita wauza petroli wa kando ya barabara, wenye chupa na bidon za plastiki zilizopangwa kama dawa. Liévin alisema baadaye kwamba alikuwa anakwepa mbuzi. Mbuzi huyo alikuwa mweupe alipowaeleza polisi, mweusi alipowaeleza ndugu, na kufikia Jumapili alikuwa ameshazaa. Kasereka, ambaye alikuwa pale, hakuona mbuzi. Aliona Toyota inakuja polepole, kama mtu aliyechelewa ibada anayetafuta nafasi, ikapanda ukingo, ikaegemea meza yake, ikanyamaza.

Chupa zikavunjika. Petroli ikaingia kwa dirisha na kumlowesha Liévin suruali na koti. Watu wakapiga kelele, "Muzime masigara! Muzime!" Mlango wa kuume ulikuwa umebanwa na meza, kwa hiyo akahamia kiti cha kushoto ili atokee huko. Lakini kiti kilikuwa laini, na huzuni za watu zilikuwa zimemchosha mwili. Akaona ni vizuri kwanza apumzike. Na kwa kuwa ni mtu anayeheshimu sheria, akafunga mkanda.

Hivyo ndivyo Adèle, polisi wa barabara, alivyomkuta: kwenye kiti cha abiria, mkanda kifuani, tai imenyooka, amefumba macho.

"Papa, lamuka. Pumua nisikie."

Liévin akafumbua macho, akatoa mkono dirishani kumsalimu. "Mama polisi, kwa jina la familia ya marehemu Prefe Augustin, na kwa jina la wale wote wenye walitutangulia..."

"Papa, sikuomba hotuba. Niliomba pumzi."

"Pumzi iko ya Mungu, mama."

"Leo iko ya serikali. Pumua."

Akapumua. Adèle akarudi nyuma, akamwita mwenzake naye aje asikie, na huyo mwenzake akakunja uso kama aliyefungua pipa.

Siku nyingine mambo kama hayo yangeishia palepale barabarani. Meza ilirekebishwa, Kasereka akalipwa petroli yake na kuanza kumwita Liévin "muteja." Lakini wiki ileile mkubwa wa polisi alikuwa ametangaza redioni kwamba walevi wa usukani wote watafikishwa mbele ya hakimu, na Liévin ndiye alikuwa wa kwanza kupatikana. Gari likabaki kwa polisi. Yeye mwenyewe aliachiwa kwa dhamana ya Mama Gertrude, ambaye alivuka ua wa kituo akiwa amevaa nguo ya kanisani, bila kugeuza shingo kushoto wala kuume, na akatia sahihi kwa mwandiko mzuri sana.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwake, chini ya picha ya Prefe. Alikuwako shangazi Martine, mzee wa mwisho wa kizazi cha wazazi wao. Alikuwako Fiacre, mtoto wa binamu yao, avoka, yaani wakili, kijana mwenye sauti ndogo, ambaye Liévin alikuwa akimwita "muanafunzi" mpaka asubuhi ile.

"Shemeji," Mama Gertrude akaanza, "wakwe wanatoka Komanda kuja kuomba mutoto wa Augustin. Baba yao ni muchungaji. Hakimu akisema weye ni mulevi, kwenye kile kiti hautakaa. Hatutaweka mbele ya watu wa Mungu mutu mwenye serikali imeandika pombe kwa jina lake. Basi tuambie: utajitetea namna gani?"

Liévin akahisi kiti kile kinavutwa chini ya makalio yake. "Shemeji, ilikuwa dawa ya kikohozi."

"Chupa ngapi?" akauliza Fiacre bila kuinua macho.

"Useme tangawizi," akashauri shangazi Martine. "Tangawizi inanukaka sana. Ao useme ni mukono wa mutu. Kuna batu hawapendi kuona mutoto wa siye anasema vizuri."

"Shangazi, tukileta mukono wa mutu kwa hakimu, atauliza adresi yake," akajibu Fiacre.

"Basi niseme desturi!" Liévin akapata moto. "Kukataa kikombe cha matanga ni sawa na kusema, ni miye niliua marehemu. Nilikunywa kwa lazima. Iko kwa sheria, kitu kama kile?"

"Baba mudogo, sikiliza," Fiacre akasema. "Sheria haiangalie kama uko mutu muzuri. Inataka mambo mawili tu. Moja, mutu awe amelewa. Mbili, mutu huyo awe ndiye aliendesha. Na kazi ya kuonyesha yote mawili ni ya wale wenye wanakushitaki. Mashine ya kupima pombe hawakukuwa nayo. Kwa munganga hawakukupeleka. Wanasema harufu, lakini ulikuwa umeoga petroli mpaka kwa soksi. Nani atatenga harufu moja na ingine? Na Mama Adèle alikukuta kiti gani?"

"Cha kushoto."

"Usukani iko wapi?"

Shangazi Martine ndiye alianza kucheka, kwa kifua.

"Kwa hiyo tunadanganya?" akauliza Mama Gertrude, na uso wake haukuwa na kicheko. "Tunasema dereva alikuwa mutu mwingine?"

"Hapana, mama. Hatusemi uongo. Hatusemi kitu. Tunaacha wao waseme, na ninawauliza maswali. Wakimuuliza baba mudogo, sheria inamuruhusu kunyamaza. Hiyo tu njo anapaswa kufanya. Anyamaze."

Wote wakamtazama Liévin. Ilikuwa dhahiri kwamba waliotunga sheria hiyo hawakuwahi kumfahamu.

"Mimi?" akasema. "Kunyamaza? Kitu rahisi." Na akaeleza kwa kirefu jinsi kilivyo rahisi, akitoa mifano, mpaka chai ikaisha.

Zikafuata siku za mazoezi. Mama Gertrude alimweka mezani na kumwamuru ale bila neno. Akavumilia sahani ya mboga. Kwenye ugali akaanza kusifu aliyeusonga. Fiacre akamweleza tena: kimya chake ni ngao, akifungua kinywa atakuwa ameivua mwenyewe. Liévin akaapa. Usiku alilala akiwaza kiti cha mbele, wakwe wa Komanda wamepangwa mbele yake, yeye akiwatafutia makosa moja moja kama mtu anayechagua mchele. Kwa ajili ya furaha hiyo angeweza kunyamaza hata mbele ya mfalme.

Siku ya kesi walifika wamechelewa, kwa sababu Liévin alirudi njiani kubadili tai. Familia ikajaza benchi mbili. Hakimu alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyomshuka puani, na alikuwa ameshawangoja.

Adèle akasimama akaeleza vizuri, bila chumvi. Fiacre akamgeukia.

"Mama, mulimuona muzee huyu akiendesha?"

"Nilifika gari imekwisha kuegemea meza."

"Mulimukuta kiti gani?"

"Cha kushoto. Amefunga mukanda."

"Usukani ya ile gari iko upande gani?"

"Kuume," akasema polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Harufu ya pombe mulisikia?"

"Kabisa! Na mwenzangu alisikia."

"Na petroli?"

"Hiyo mutaa muzima ulisikia."

Akaitwa Kasereka. Alikuja amevaa shati safi, akamsalimu hakimu, akamsalimu Liévin kama muteja, na tangu alipwe petroli yake alikuwa anakumbuka kuona machache zaidi.

"Uliona nani anaendesha?"

"Mukubwa, nilikuwa nimeinama namiminia mutu mafuta. Nilisikia tu meza inatembea. Kugeuka, nikaona vumbi, chupa, batu wanakimbia."

"Muzee alikuwa ananuka pombe?"

"Mimi nauzaka mafuta kutoka asubuhi mpaka jioni. Pua yangu ilikufaka zamani. Hata bibi yangu akipika, ninajulia kwa macho."

Watu wakacheka, telefone ya kijana mmoja wa familia ikalia, na hakimu akajikohoza ili asicheke. Fiacre akasema maneno machache. Hapakuwa na kipimo, hapakuwa na mganga, hapakuwa na aliyeona mikono ya mtu yeyote kwenye usukani. Palikuwa na abiria aliyefunga mkanda. Akakaa.

Kwenye benchi shangazi Martine alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu. Ni Liévin peke yake aliyekuwa akiteseka. Kwanza kwa ufundi: Fiacre alisema kama mtu anayesoma bei za duka, hakusalimu familia, hakuita mtu, hakuweka hata methali moja. Lakini uchungu mkubwa ulikuwa mwingine. Chumba kizima kilikuwa kikizungumza habari zake tangu asubuhi, na yeye hakuwamo. Alikuwa amegeuzwa harufu isiyojulikana kwenye kiti kisicho na usukani. Alitazama nyuso za watu, wamekaa kwa mistari, kimya, wanangoja. Kule mbele, juu ya meza yenye kitambaa, mzee wa heshima alikuwa amekunja mikono. Hakuwahi maishani mwake kuona mkutano uliopangwa vizuri hivyo ukakosa msemaji.

Hakimu akavua miwani. "Mahakama imesikia. Kabla ya kutoa neno, ninapenda niseme kitu kimoja kwa familia. Asubuhi mulituchelewesha. Si vizuri."

Alikuwa anakemea tu, kama mzee yeyote. Lakini mwili wa Liévin ulikuwa umefundishwa kwa miaka mingi jibu la maneno hayo, na mwili haukungoja ruhusa ya avoka. Alisimama.

"Tunakubali," akasema. "Amande."

Fiacre akamshika koti. Koti likabaki mkononi mwa Fiacre upande mmoja, mwenyewe akaendelea kusimama.

Hakimu akarudisha miwani puani. Alikuwa mtu mzima. Alikuwa ameoza mabinti. Akautambua mchezo wa kiti cha mbele, na kitu kikapita usoni pake kama kivuli cha ndege.

"Na telefone ya mutu wenu ililia katikati ya kesi," akasema.

"Tunakubali. Vijana wa leo, mutusamehe."

"Na meza ya yule kijana? Mulikuja kwa watu bila kupiga hodi."

"Tunakubali, mukubwa!" Sauti sasa ilikuwa imepata chumba chake. "Meza tulisukuma. Familia yetu haifiche. Familia, muko?"

"Tuko!" wakaitikia wawili watatu kwenye benchi, kwa mazoea, kisha wakashika vinywa. Mama Gertrude hakuitikia. Alikuwa amefumba macho.

"Baba mudogo, kaa," Fiacre akanong'ona. "Kaa, ninakuomba. Kaa."

"Na kikombe?" akauliza hakimu taratibu.

Liévin akatabasamu kwa huruma, kama fundi anayeona mwenzake ameweka mtego wa kitoto. Hapa ndipo wajinga hubisha. "Mukubwa, mutu anatoka kwa matanga ya rafiki yake na koo kavu, huyo ni rafiki ao ni adui? Kukataa kile kibuyu ni kusema, ni miye niliua. Tunakubali: kasiksi tulikunywa, haikukuwa mara moja. Na bia mbili juu yake, za kusindikiza hotuba. Hakuna kitu tunaficha. Na usukani tulishika siye wenyewe, kwa mikono hii, tokea kule Iga Barrière, njia yenye mashimo kama ile, na hatukugonga hata kuku!" Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya watu. "Sasa, kwa kuwa madogo yote tumeyakubali bila kuwasumbua, tunaomba lile kubwa. Mutupatie mutoto wetu, turudi naye nyumbani."

Mama mmoja nyuma, ambaye hakuwa wa familia na alikuja kwa kesi ya kiwanja, alishindwa kujizuia akapiga vigelegele.

Fiacre alikuwa anafunga mkoba wake.

"Muzee," hakimu akasema vigelegele vilipokwisha, "umesema vizuri. Ninajua mambo ya vikombe vya matanga. Desturi ilikupa kibuyu. Lakini funguo ya gari, nani alikupa? Hiyo nayo ni desturi?"

Kwenye mahari hakuna anayeulizwa swali la namna hiyo.

"Avoka wako alituambia polisi hawakuwa na mashine," hakimu akaendelea, "na alisema kweli. Nilikuwa tayari nimuandikie haki yake. Ila mashine imesimama yenyewe na imesema: imekunywa nini, mara ngapi, na nani alishika usukani. Miye siwezi kuizima." Akaandika. Liévin alikutwa na kosa la kuendesha gari katika hali ya ulevi. Akatozwa faini, na ruhusa yake ya kuendesha ikachukuliwa mpaka mwaka ujao. "Gari mutarudishiwa. Lakini hapa hatuozeshi, muzee. Ifuate kesi ingine."

Nje, kwenye jua, ndugu walisimama mbalimbali, kila mmoja akichunguza viatu vyake. Shangazi Martine alikuwa amerudia habari za mkono wa mtu. Adèle alipita, akamsalimu Mama Gertrude kwa heshima, na kwa Liévin akasema, "Papa, siku ile ungenipa hiyo pumzi yote, tungemaliza palepale barabarani."

Liévin akasogea karibu na shemeji yake. Hakuwa mjinga wa kutoelewa kilichotokea. Alikuwa anaelewa polepole, kama mtu anayehesabu vidole baada ya mlango kufungwa. Lakini kulikuwa na jambo moja alilohitaji kulijua kabla ya mengine.

"Shemeji, lakini nilisema vizuri?"

Mama Gertrude akamtazama. Alikuwa mwalimu, na hakupenda kumnyima mtu alama aliyoistahili.

"Ulisema vizuri sana," akajibu. "Njo maana kile kiti utakiacha."

"Shemeji, wakwe hawatajua. Komanda iko mbali."

"Yule mama mwenye alipiga vigelegele ni wa Komanda. Alikuja kwa kesi ya kiwanja." Akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. "Atasema Fiacre."

"Fiacre! Yule hajui hata kuita batu! Siku moja atawaambia wakwe bei, na kukaa!"

"Basi atawaambia na kukaa."

Siku ya mahari wakwe walifika mapema, wakiwa wamevaa vizuri, na mchungaji alisali kifupi. Liévin hakufukuzwa, watu wa familia ile hawafukuzi mtu mbele ya wageni. Aliwekwa nyuma, upande wa kreti za soda, karibu na wamama waliokuwa wakigawa sahani, na tai yake mpya ilifanya mgeni mmoja amwombe kinywaji baridi. Akampa. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja Fiacre aanguke.

Fiacre akasimama. Hakuita familia. Akawasalimu wageni, akataja jina la marehemu Prefe mara moja tu, akasema binti ni huyu, heshima yetu ni hii, nanyi karibuni. Msemaji wa Komanda, ambaye alikuwa amejiandaa kwa vita, akabaki na mikono hewani. Akakubali kosa moja ambalo hakuna aliyemtuhumu nalo, akakabidhi walivyoleta, akakaa. Liévin alijikuta amenyanyuka nusu, kinywa tayari, kwa sababu kila mtu mwenye akili aliona kwamba jambo bado, kwamba hapa palihitaji neno, methali, ubishi kidogo, walau amande moja ya kuwapasha watu damu. Akatazama huku na huku apate jicho la kumwita.

Arlette alikuwa anacheka na mchumba wake. Mchungaji alikuwa anampongeza Mama Gertrude, na Mama Gertrude alikuwa ameinua kichwa kama siku za uhai wa mume wake. Shangazi Martine alikuwa anamshika Fiacre shavu. Hakuna aliyegeuka nyuma. Wamama wakaomba Liévin asogee kidogo, anazuia njia ya sahani, na kwa mara ya kwanza katika mahari za ukoo ule, watu walikula chakula kikiwa bado kinatoa moshi.